Askari wa Mlimani

Jumapili. Mvua imekatika tangu asubuhi, lakini ukungu bado umelala bondeni. Nimechoka, na nyumba hii niliyopewa kama mwalimu ina baridi hata nikiwasha moto.

Leo nilitaka kuiona sanamu yetu kabla haijachongwa. Tunataka mlima huu wa Mabawe uchongwe askari mmoja mkubwa, kuanzia kileleni hadi chini, ili taifa zima liwakumbuke waliokufa katika vita vya Kagera. Mchoro ni wangu. Kesho wakubwa wa wilaya wanakuja kuutazama, na wakiupenda wataupeleka mbele.

Nimeupigania kwa sababu yangu mwenyewe. Mume wangu alikwenda vitani hakurudi. Niliambiwa amezikwa huko huko Uganda. Kijijini kwetu Nyamigogo hakuna kaburi la kupalilia.

Mpango ulikuwa rahisi. Wanakijiji wapande na vitambaa vyeupe, wasimame kwa kufuata mistari ya mchoro, huyu bega, yule mtutu wa bunduki. Mimi nivuke bonde, niwatazame kutoka ng'ambo. Mwenyekiti wa kijiji aliwaelekeza kwa maneno machache ya Kihangaza, lugha yao, kisha akapiga filimbi.

Askari hakutokea.

Vitambaa vilitawanyika ovyo, viwili hapa, vitano kule, kimoja peke yake karibu na kilele. Nilikasirika. Nikasema moyoni, watu hawa hata kusimama tu kunawashinda! Nikawapungia khanga mpaka mkono ukauma, wala hakuna aliyesogea.

Ndipo nikaiona migomba. Kila penye vitambaa palikuwa na migomba mizee iliyomezwa na nyasi. Kumbe kila mtu alikwenda kusimama kwake. Kabla ya kuhamishiwa kijiji cha ujamaa huku barabarani, mlima ule ndio uliokuwa makazi yao, na wazazi wao wamezikwa kule. Wameambiwa wapande wasimame. Wangesimama wapi tena? Wengine walikuwa wameshainama, wanang'oa magugu.

Nilikaa kwenye jiwe nikalia. Sikuulilia mchoro. Kila mtu alikuwa na pake, na mimi nilikuwa upande wa pili, napunga khanga.

Jioni nilikutana na Bibi Anastazia, mjane ambaye mwanawe naye hakurudi vitani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanishika mkono na hakuuachia. Alikuwa amesikia kwamba kesho tutarudia mbele ya wageni.

"Mwarimu," akaniambia, "kesho usikae ng'ambo peke yako. Njoo usimame kwangu."



Sasa mchoro uko mezani. Askari ana kidevu cha mume wangu, ingawa sikupanga iwe hivyo. Ili atokee, itabidi baruti ipasue mlima, na itaanzia pale pale penye migomba ya Bibi.

Kesho wakubwa watavuka bonde watazame wenyewe. Mimi nitakuwa juu, kwa Bibi Anastazia, na kitambaa changu.