Pole kwa Likizo

Dada Mwajuma, shikamoo.

Huku Kawetele mvua haichoki. Uliniambia nikifika nikae tu, nisishike hata ufagio, nami nimetii: siku ya tatu leo nipo barazani na blanketi, natazama migomba ikilowa. Kumbe huku mtu mzima hakai hivyo bila sababu. Juzi jirani, Bibi Tupokigwe, aliniletea ndizi, akasema pole, akaondoka. Jana akaleta mtindi. Leo amekuja na wenzake wawili, wakatandika mkeka na kukaa kimya, kama msibani.

Mwishowe bibi akaniuliza taratibu, "Mjukuu wangu, umefiwa na nani?"

"Sijafiwa, Bibi."

"Unaumwa?"

"Hapana. Kazi ilinichosha, nimekuja likizo. Nakaa tu."

Wakatazamana. Nikajua sasa ndizi zinarudi kwa mwenyewe. Bibi akanyoosha miguu, akavuta nusu ya blanketi langu.

"Nimelima tangu usichana," akasema, "na hakuna aliyewahi kuniambia kuna kukaa tu."

Mwenzake akamkumbusha kwamba maharage yanasubiri palizi.

"Yasubiri," akajibu, macho ameshafumba. "Nipo likizo."

Dada, kile kichwa cha kazini hakijaniuma tangu nifike, na nimecheka mpaka mbavu zinauma. Funga duka lako wiki moja uje. Ila ukikaa barazani jitahidi kutabasamu, mkeka wa msiba bado haujakunjwa.

Mdogo wako akupendaye,
Saida