Maua Aliyobeba Kabula

Baba Kabula,

Usishangae kuona mwandiko wangu. Nimeingia kisomo, na barua yangu ya kwanza nimeona nikuandikie wewe. Herufi zinapanda na kushuka, utanisamehe.

Tulihamishwa, mume wangu. Kaburi lako limebaki kule mahameni, sisi tuko huku barabarani, nyumba mstari mmoja. Mzinga wako mmoja niliubeba, mlango nikauziba kwa nyasi kama ulivyonifundisha. Nikautundika kando ya shamba la pamba la kijiji, nikidhani nawasogezea nyuki chakula. Nilijiona nina akili kweli.

Juzi mwalimu akamchagua Kabula wetu ampe maua mgeni kutoka mkoani. Mtoto akakimbilia alizeti zinazozunguka ile pamba, akarudi amekumbatia mzigo mzima, uso kauzamisha ndani, anacheka. Nilipozitia kwenye ndoo, nyuki wakaanza kudondoka. Mmoja. Wa pili. Wamekufa, miguu wameikunja. Mikono yangu ikanuka ile dawa wanayopulizia pamba.

Nilimsugua mtoto uso kwa sabuni mpaka akalia.

Ndipo nikakumbuka siku niliyomzaa huyuhuyu. Uliniletea maua, wenzako wakakucheka, mwanamume mzima na maua mkononi. Nikakuuliza mbona umechelewa. Ukasema, "Nilikuwa namsubiri nyuki amalize." Na ulikata machache tu, mengine ukawaachia wenyewe.

Basi alizeti nikazifukia, mbuzi wasije wakazila. Nikaenda na Kabula porini, mbali, bomba la dawa lisikofika. Tukasubiri nyuki amalize, tukakata yale madogo meupe, tukayafunga kwa kamba ya gome. Mwalimu alipoyaona akauliza kama tunampelekea mgeni au mbuzi. Nikamwambia, "Mwalimu, haya mtoto anaweza kuyanusa." Akatuonyesha pa kusimama.

Mgeni aliyapokea, akayanusa. Nyuki mmoja, sijui alijificha wapi, akatoka humo akaizunguka kofia yake. Watu wakacheka. Mimi nilimfuata yule nyuki kwa macho. Alikwenda moja kwa moja upande wa pamba.

Leo asubuhi nimetega sikio kwenye mzinga wako. Wanavuma, lakini kidogo, kama watu wanaozungumza chumba cha mbali. Na Kabula ameanza kukohoa. Labda ni mafua. Naomba yawe mafua.

Jumatatu wanapulizia tena. Kabla ya hapo nitaubeba mzinga, niurudishe kule kwako. Tumekatazwa kurudi, najua. Nitakwenda. Makosa ya kuuweka pale ni yangu, sitawaachia nyuki wayalipe.

Kabula atakuletea maua. Machache, baba, na nyuki wakiwa wamemaliza. Pumzika salama, na ukisikia mvumo wa nyuki juu yako, ujue tumefika.

Mimi mkeo,
Mama Kabula