Kura ya Baba Mdogo

Isevya, Tabora

Kaka yangu Twalibu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima huko Mpanda, wewe, wifi na watoto, na lile goti lako liwe limepoa. Sisi huku hatujambo. Mvua za kwanza zimeshanyesha. Mama anakusalimu sana. Anasema simu zako ni za haraka mno, ndiyo maana naandika.

Najua unangoja habari za uchaguzi. Baba mdogo Nasri ameukosa udiwani. Usisikitike kwanza, nisikilize.

Msimu mzima aliiacha mizinga yake ya nyuki kule Kigwa, akawa anazunguka kata yetu kuomba kura. Siku moja alikuja kwenye kikundi chetu cha akina mama, akamkuta kijana anayeitwa Abdulatifu akitueleza habari za kununua hisa. Jenifa, fundi cherehani mwenzangu, yule mtu wa Nzega, alimuuliza kijana ni kitu gani kinaweza kuharibika. Abdulatifu hakuzunguka. Alisema bei inaweza kushuka, kampuni inaweza kukosa faida nasi tukakosa gawio, na kwamba tusithubutu kuweka hela ya ada wala ya chakula. Kwa jibu hilo tukamwamini, tukanunua kidogo. Tangu hapo bei imeshuka kweli, na Jenifa kila asubuhi akiingia dukani anatangaza kwamba bado anapumua.

Wiki iliyofuata baba mdogo alifanya mkutano wa kampeni karibu na soko. Aliahidi lami, maji kila nyumba, taa za barabarani na kiwanda cha asali juu yake. Vigelegele vikapigwa. Mimi nikasimama, nikamwamkia, nikamuuliza, "Baba mdogo, katika haya yote, lipi linaweza kukushinda?"

Alinitazama kama mtu aliyeumwa na nyuki wake mwenyewe. Akasema, "Hakuna, mwanangu. Hakuna hata moja."

Watu wakacheka, naye akajua wanachocheka. Nyumbani mama alininunia, akanikumbusha nani aliyetulea baada ya baba kufariki. Nililia, kaka, sikufichi.

Mpinzani wake, Bi Amne, mwalimu mstaafu, naye aliulizwa na Jenifa swali hilo hilo. Alijibu kwamba lami inazidi uwezo wa diwani, yeye ataipigia kelele tu. Mtaro wa soko atausimamia, na hata huo unaweza kuchelewa.

Basi Bi Amne akashinda, kwa tofauti ya kura chache sana. Nilikwenda kwa baba mdogo kumwambia ukweli, maana kura yangu nilimpa Bi Amne, na sikuweza kumpa mzee wangu pole huku nikimficha. Nilimkuta uani akipaka nta mizinga mipya, anaimba. Nikamweleza yote. Aliweka nta chini, nikadhani undugu umekwisha. Kisha akacheka mpaka kofia ikamdondoka.

Akachungulia kama mama mdogo yuko karibu, akaninong'oneza kwamba kule ndani ya kituturi cha kupigia kura, kalamu mkononi, alijiuliza swali langu, na safari hii hapakuwa na wa kumpigia vigelegele.

"Nikaona vyote vitanishinda, Siku," akaniambia. "Vile vikao, yale makaratasi, kugombana na watu kutwa nzima. Mimi ninachokijua ni nyuki."

Akamwekea tiki Bi Amne.

Mgombea mwenyewe, kaka! Na mama mdogo hadi leo anawasaka majirani waliotuangusha, naye baba mdogo amekaa pembeni yake anamsaidia kuwataja. Ameniruhusu nikwambie wewe peke yako, kwa hiyo ukija Idi tafadhali usicheke mezani.

Msalimie wifi, wabusu watoto, na Mungu awahifadhi nyote.

Ndimi mdogo wako akupendaye,
Sikuzani