Chumba cha Dada Kafedha

Changamwe,
9 Septemba 1946

Kwa dada yangu mpendwa Kafedha,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na binti yako Nyamvula, na kikohozi chake kimekwisha. Mimi kwa mwili sijambo. Kazi ya kupakia mizigo stesheni naendelea nayo. Mgongo unalalamika lakini haujagoma. Habari za moyo ndizo zilizonishikisha kalamu. Mwalimu Nguma, wewe unayemsomea dada yangu, nakushukuru, nakuomba usome polepole.

Dada, baada ya matanga ya marehemu mumeo tulikubaliana niuze minazi ya baba kule Jibana, ninunue nyumba mjini, upate pa kukimbilia. Shemeji yako Masha alikuwa ameshaanza kusema kwamba wewe ni wa kurithiwa naye, nawe ukasema hutaki kuwa mke wa tatu wa mtu. Nikauza, nikanunua. Nyumba nilikusifia, na katika hilo sikukudanganya. Ilikuwa ndogo, vyumba viwili na ua ambao mbuzi hawezi kugeuka, lakini ilikuwa ya mawe na chokaa, yenye boriti za mkoko, imejengwa kabla reli haijafika huku. Tena ilikuwa pale pale sokoni: unafungua dirisha unanunua mahamri bila kutoka nje, na kelele za wachukuzi na wauza samaki zinakuamsha alfajiri. Mimi, mtoto wa nyumba ya makuti, nilikaa barazani Jumapili nzima nikisalimia hata nisiowajua, ili wanione natoka mlango gani. Kiburi si maungwana, dada, lakini nilikionja.

Aliyeniuzia ni Bi Mwanakheri, bi kizee wa hapa hapa, naye alinionya kabla hajapokea fedha. Alisema wallahi hataki dhambi, yeye anauza nyumba tu, kiwanja kina mwenyewe, ndiyo desturi ya Mombasa. Niende kwanza kwa mwenye kiwanja tuandikiane. Nikamwitikia naam, naam, huku nacheka moyoni. Minazi ya baba ilisimama miaka yote katika shamba la ukoo mwingine, na nani aliwahi kumwambia baba aje ang'oe mnazi wake? Kwetu ardhi ya huyu na mti wa yule hukaa pamoja mpaka mti ufe. Nikaona kumwendea yule mtu ni kumfundisha kunidai. Sikwenda.

Mwezi wa Aprili mwenye kiwanja akafariki, warithi wakakiuza kwa tajiri anayetaka kujenga bohari. Tajiri hakunifokea. Alinijia kwa adabu, akaniambia nyumba ni yangu, yeye hana haja nayo, ananipa siku thelathini niichukue. Niichukue, dada! Nikaenda kwa wazee wa mtaa, nikaenda na ofisini, kote nikaulizwa karatasi niliyoandikiana na mwenye kiwanja.

Tuliibomoa wenyewe, mimi na rafiki yangu Odhiambo wa stesheni. Boriti zilitoka, milango ikatoka, lakini ukuta wa mawe na chokaa haubebeki. Ukianguka ni kifusi. Chumba nilichokuwekea wewe ndicho kilichoanguka mwisho. Nililia mbele ya soko zima. Wachuuzi walinitazama, kisha wakaendelea kuuza.

Sasa Mwalimu, kama kuna watu wanaosikiliza, nakuomba watupishe.

Dada, nyumba ilianguka tarehe mbili Juni. Ile barua ya kukwambia kwamba chumba chako nimekipaka chokaa na kukutilia kitanda cha kamba, niliiandika tarehe ishirini Juni. Niliiandika nikiwa nimekaa kitandani kwa Odhiambo, katika landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, tunakolala watu sita chumba kimoja. Uliniuliza chumba kikoje, nikashindwa kuandika kwamba hakipo. Nilidhani nitapata kingine kabla hujajua. Sikupata.

Na jana jirani yenu Garama amenikuta stesheni, akanisimulia kwa furaha kwamba mwezi uliopita ulisimama mbele ya wazee ukamkataa Masha, ukasema una chumba chako Mombasa kwa ndugu yako, wala huhitaji ua wa mtu. Akasema wanawake walipiga vigelegele, na kwamba Masha amekupa mpaka mwisho wa mwezi huu uhame. Nilikuwa nimebeba gunia la watu, likaniponyoka.

Maneno yale uliyasema ukiniamini mimi, na mimi nilikuwa nimekudanganya. Naona aibu kuomba msamaha, lakini naomba. Nimepata ruhusa kazini. Jumamosi napanda basi, nije nisimame mbele ya wazee hao hao niseme mwongo ni mimi, wasije wakakuita wewe. Kama umeshafunga vyombo vyako, usivifungue mbele ya Masha. Nisubiri. Pa kukupeleka sina, dada, lakini nitakuja.

Odhiambo anakusalimu ingawa hakujui. Wasalimie majirani wote wanaoniulizia. Nyamvula mpe salamu zangu nyingi, na habari hii usimwambie bado, nitamwambia mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako,
Ngowa