Kile Kikombe Nilimpatia Karimi

Makena mjukuu wangu,

Uko salama huko mbali? Sisi hapa Muthara tuko, mvua imekuja kidogo, na baba yako bado maini inamsumbua. Umeniuliza kama umtumie vidonge vya ile xanthohumol, inatoka kwa maua ya hops yenye hutiwa kwa bia. Umesema panya wa maabara imewasaidia.

Wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari ya mkoloni, nilikuwa kijana, askari wametufungia kijijini, na homa ikaingia. Mama mzee mmoja, Ciambaka, alikuwa anachemshia watu gome chungu la mti, na wengine walipona. Mimi nilikaa kando nikimwangalia. Akanicheka, "Wewe, macho yako itamaliza dawa yangu! Si uulize?" Nikaona haya, sikuuliza.

Halafu askari wakamchukua Ciambaka. Wiki hiyo dada yangu Karimi akashikwa na homa. Gome nililijua, lakini kiasi sikujua. Nikachemsha mingi, nikifikiri uchungu ikizidi itaponya haraka. Karimi akasema, "Wee, hii ni kali sana," lakini akamaliza, kwa sababu ni mimi nimempa. Kesho yake tukamzika.

Hiyo dawa yako siikatai. Lakini kwanza uliza daktari wa baba yako kama imejaribiwa kwa mtu mgonjwa wa maini, na ni kiasi gani, hata kama atakucheka. Mimi mpaka leo sijui kama Karimi aliuawa na homa ama na kile kikombe.

Ni mimi guka yako,
M'Ikiara