Nimebadilisha Oili ya Giaboksi

Baba Eldiyar,

Supu ya kondoo iko jikoni, ipashe tu. Ndama umfungie mapema, baridi ya leo si ya mchezo.

Gari nimelichukua mimi, nampeleka mama yako hospitali ya mjini Naryn. Asubuhi, ulipokwenda kuwapa farasi nyasi, niliweka gia likanguruma bila kusogea, kisha likaruka kama punda aliyechomwa. Kaka yako Zamirbek alikuwa getini, akacheka.

"Shemeji, gari kuukuu haliguswi oili ya giaboksi. Ule uchafu ndio unaolishikilia. Ukiibadilisha, limekufa."

"Na nisipoibadilisha, litapona?"

Akageuka, akaenda zake.

Basi nimelala chini ya gari kwenye theluji, na ile oili uliyoinunua ukaogopa kuitumia nimeitoa stoo. Iliyotoka ilikuwa nyeusi, inanuka kuungua. Sikuikamua yote; nimerudishia mpya kiasi kilekile kilichotoka, ya zamani iliyobaki tutaimalizia nikirudi. Nimeliendesha kuzunguka zizi. Gia zinaingia, ya pili tu bado inasitasita.

~~Nikichelewa, mtume Zamirbek anifuate.~~ Usimtume mtu. Likikwama njiani nitasimamisha lori lolote. Siwezi kukaa hapa namsikiliza mama akikohoa kwa sababu wanawe wawili wanaogopa kufungua bolti moja.

Koti nililotandika chini ya gari ni lako. Limelowa oili, na silifui.

Mkeo,
Mama Eldiyar