Yote Niliyowaambia Wajaze

Tunduma,
14 Septemba 2014.

Mdogo wangu mpendwa Nesta,

Pokea salamu zangu, nawe umfikishie mama kabla hajauliza barua imetoka kwa nani. Natumaini kifua chake kimetulia tangu baridi ipungue, na mahindi yamekwisha kuingia ghalani. Huku tu wazima wa mwili. Mwanao Blessing ni mzima. Namsikia uani akifua sare ya kesho. Nakuomba uisome sentensi hiyo mara mbili kabla hujaendelea, maana yanayofuata si mepesi, na nimetaka uyasikie kwangu, si kwa watu wa gulioni.

Unakumbuka kwamba Januari niliitwa kutoka katika kustaafu kwangu nifundishe darasa la sita. Bwana Sufiani, mwenye malori, aliipa shule kompyuta tano, na walimu vijana waliozijua walikuwa wamehamishwa. Nilijifunza wiki tatu kwa karani wake, kisha nikaingia darasani. Mika, mtoto wa fundi baiskeli, aliwanong'oneza wenzake kwamba mwalimu anakishika kipanya kama anayemnyonga panya wa ghalani. Nilimsimamisha. Aliniomba radhi, akaongeza kwamba hata hivyo panya mwenyewe hafi. Darasa zima lilicheka, nami nikageukia ubao ili wasiuone uso wangu.

Wewe unajua nilivyofunzwa: barua isiyo na jina kamili, anwani na tarehe ni kazi ya mwoga. Nikawafundisha kompyuta hivyo hivyo. Kila mtoto alifungua ukurasa wake kwenye mtandao, nami nikawaagiza wasiache pengo hata moja: jina, shule, mtaa, wazazi, namba ya simu ya nyumbani, habari za ukoo. Aliyeacha pengo nilimpunguzia alama. Blessing hakuacha. Aliandika kwamba marehemu baba yake, Abrahamu, alikuwa na mdogo wake, Brayson, aliyekwenda Kitwe kutafuta kazi na hajarudi. Aliandika hata jina la bibi yake na ugonjwa wake wa kifua. Nilimpa kumi kwa kumi, nikalisomea darasa kazi yake.

Jumanne iliyopita hakurudi baada ya masomo. Saa kumi ikapita. Nilikwenda shuleni, nikarudi, nikaenda tena, nikamwuliza kila muuza karanga njiani. Aliyemleta ni Bwana Sufiani. Alimkuta kwenye foleni ya malori karibu na mpaka, ameketi juu ya begi lake katikati ya makuli, miguu imepakwa mafuta kama ya Jumapili. Alipomwuliza anafanya nini pale, alimjibu kwa adabu kwamba anamsubiri baba mdogo Brayson, waende Nakonde, ng'ambo ya mpaka, akamnunulie viatu. Bwana Sufiani alimwuliza baba mdogo huyo anafananaje. Mtoto alisema hajawahi kumwona, ila yeye anawajua wote nyumbani. Palikuwa na mwanamume aliyekuwa akija upande wao. Alipoona mtu mzima amesimama na mtoto, aligeuka, akapotea kati ya malori.

Kesho yake nilimchapa mwanao viboko vinne mbele ya darasa, kwa kosa la kumfuata mtu asiyemjua. Mwalimu Mkuu, Bi Mwanamvita, alinisifu mbele ya walimu kwamba sikumpendelea wa nyumbani. Mtoto hakulia. Alinitazama tu, akarudi kwenye dawati lake.

Nesta, nimekwisha kuchana karatasi mbili nilipofika hapa.

Jumamosi ya kabla ya siku hiyo nilipigiwa simu. Mtu alinisalimu kwa utaratibu wote wa nyumbani, akampa mama pole ya kifua, akamtaja marehemu kwa huzuni, akasema yeye ni Brayson, amerudi kutoka Kitwe. Ni nani anayemhoji shemeji aliyetanguliza pole kwa mama? Aliniuliza mtoto hutoka shule saa ngapi, apate kumwona akipita. Nilimtajia saa, nikamtajia na lango. Blessing alikuwa mbele yangu akichambua mchicha. Alinisikia nikisema, karibu sana, shemeji. Aliomba amwamkie baba yake mdogo, nami nikampa simu, nikatoka kuwafungia kuku. Hapo ndipo walipopatana.

Kwa hiyo hakumfuata mtu asiyemjua. Alimfuata mtu aliyekaribishwa na mjomba wake. Bwana Sufiani alipolitaja jina la Brayson mlangoni kwangu nilielewa papo hapo, nikanyamaza, na kesho yake nikachukua fimbo. Jana nilimwuliza mtoto kwa nini hakusema. Alisema aliogopa kwamba mjomba angeaibika mbele ya watoto.

Nimemwomba radhi. Polisi nimewapa namba ile, haipatikani. Asubuhi nampeleka shule na mchana namrudisha, na mwanamume yeyote akisimama karibu na lango, namshika mtoto mkono mpaka mlango wa darasa. Watoto wa darasa langu ni arobaini na wanane, na yote niliyowaambia wajaze yalikuwa wazi kwa yeyote. Ijumaa tulianza kuyafuta, mstari kwa mstari. Mika aliuliza kama sasa anayeacha pengo ndiye apataye kumi. Nilimjibu kwamba ndiye.

Ijumaa ijayo ni mkutano wa wazazi. Nitasimama niyaseme haya yote, Blessing akiwapo. Ukitaka kuja kumchukua mwanao, sitakuzuia. Ukimwacha, nitajua ni deni kubwa umeniwekea.

Mwamkie mama, na umpe chumvi hii niliyoifunga. Wasalimu majirani wote wa Isongole wanaoniulizia. Blessing anakuamkia, amesema kikapu ulichompa alipokuja kukaa kwangu bado anakitunza.

Ni mimi kaka yako,
Gwakisa.

Nimesahau jambo. Mtu akikupigia simu akasema ni mimi, hata akiiga sauti yangu, hata akimpa mama pole, usimwamini. Mwulize ni jina gani alilotuita bibi yetu siku ile tulipomwaga maziwa. Mimi na wewe tu ndio tunaolijua jina hilo. Hapa sitaliandika.